Kosa si la chooko: unga wa bibi, ndimu na jua la karafuu

*"Asalaam aleykum daktari. Mimi ni mama wa miaka 26, niko Wete, Pemba, nimejifungua miezi mitano iliyopita. Baada ya uzazi nilitoka chunusi mashavuni, na bibi yangu akaniambia nitumie unga wa chooko (choroko) kama walivyofanya wao zamani. Nilisaga mwenyewe, nikaukanda kwa ndimu mbili ili uondoe na madoa, nikawa najisinga uso kila asubuhi kwa siku nne. Siku zenyewe tulikuwa tunaanika karafuu. Siku ya pili uso ukaanza kuwaka, siku ya nne yakatoka malengelenge madogo. Sasa wiki tatu zimepita na nina madoa meusi kama ya moto, mengine yameshuka kama michirizi hadi shingoni. Bibi anasema huo ni uchafu unatoka, niendelee. Unga huo huo, bila ya ndimu, tunamkogeshea mtoto badala ya sabuni kwa sababu ya vipele vya joto, lakini mikunjo ya shingo imekuwa myekundu na inanuka. Tena bibi ananinywesha maji ya chooko nipate maziwa na kupoza mwili, na juzi nimemkuta anamtilia mtoto kijiko kimoja. Je, chooko zina madhara, au damu yangu haipatani nazo? Tuache hata kuzila? Na mdogo wangu anaolewa baada ya miezi miwili, nitakuwa nimepona?"*

Waaleykum salaam mwanangu, na hongera ya uzazi. Nimeisoma barua yako mara mbili, kwa sababu mna maswali kadhaa yaliyofungwa fundo moja, na chooko zimebebeshwa lawama yote. Kwa ufupi: uso wako, kwa jinsi ulivyoeleza, umeunguzwa na ndimu ikisaidiwa na jua. Shingo ya mtoto ni jambo jengine kabisa, na huko unga wa chooko umo. Ama chungu cha chooko jikoni, msikiguse. Kibaki pale pale kinapochemka.

Naanza na uso, maana najua ndio unaokukosesha usingizi. Ngozi ikikataa kitu kwa mzio, jambo la kwanza analolalamikia mtu ni kuwashwa. Wewe hukusema unawashwa, umesema unawaka. Hukusema uliharibika pale pale ulipojipaka, umesema siku ya pili. Na neno lililonisimamisha ni hilo la michirizi. Doa linaloteremka kutoka tayani hadi shingoni kama njia ya tone ni doa lililochorwa na maji. Unga uliokandwa hukaukia pale ulipopakwa. Kilichochuruzika ni maji ya ndimu, na kila yalipopita jua likayafuata.

Ndimu, na hasa lile ganda lake la kijani, ina viini vinavyoitwa furanokumarini. Ukivipaka usiku ukaosha vizuri, havikufanyi neno. Vikibaki kwenye ngozi vikapigwa na miale ya jua ya aina ya UVA, huwa vikali, vikashikana na chembe hai za ngozi na kuziharibu kutoka ndani. Huku ni kuungua, si mzio. Ndiyo maana hakuna suala la damu yako kupatana au kutopatana: angejipaka jirani yako kisha akakaa juani, naye angeungua. Na dalili hazitoki papo hapo. Huanza kiasi cha siku moja baadaye, na hufika kilele siku ya pili au ya tatu, wakati mtu ameshaisahau ndimu na anaanza kumlaumu samaki aliyemla jana. Malengelenge yakishakauka, ngozi yetu nyeusi hujibu kwa kumwaga rangi nyingi pale palipoumia. Hiyo ndiyo rangi unayoiona sasa.

Wewe ulikamua ndimu mbili kwenye unga. Ukiibana ndimu kwa nguvu, si maji peke yake yanayotoka. Ganda nalo hurusha mafuta membamba, yale ambayo ukiyarushia mwali wa mshumaa hupiga cheche. Mafuta hayo yaliingia kwenye ule mkando. Kisha ukatoka uwanjani, ukainama juu ya majamvi ya karafuu saa tatu, saa nne, saa tano, unageuza na unachambua makonyo, uso umeuelekeza chini lakini taya na upande wa shingo viko wazi kwa jua. Na kesho yake tena. Nimeziona alama kama zako kwenye viganja na vifundo vya mikono ya wauza juisi ya miwa wanaokamua ndimu juani mchana kutwa, na kwenye kifua cha mtoto aliyechezea maganda ya ndimu pwani. Wote walikuja wakidhani wana maradhi ya ngozi.

Sasa hilo la "uchafu unatoka". Bibi yako analisema kwa mapenzi, na wengi wa rika lake wanaliamini, lakini limewafanya watu wengi kuendelea kujiunguza huku wakidhani wanatibiwa. Ngozi haina ghala la uchafu linalosubiri kufunguliwa mlango. Chunusi zinaanza kwenye tundu la unywele: homoni zinaongeza mafuta, chembe zilizokufa zinaziba mdomo wa tundu, vijidudu vinavyoishi humo siku zote vinazidi, na mwili unakuja juu kwa uvimbe. Baada ya uzazi homoni hupanda na kushuka, kwa hivyo chunusi zako si dalili ya kutojisafisha. Dawa yoyote ya nyumbani inayokuunguza, ikakutoa malengelenge, huo ndio mwisho wake. Haina hatua ya pili iliyo nzuri.

Tukiiweka ndimu kando, unga wa chooko wenyewe unafanya nini? Nataka niwe mwadilifu hapa, kwa sababu wapo wenzangu wanaocheka kila kilichotoka mikononi mwa wazee, na wapo wauzaji wanaoufunga unga huu kwenye vikopo na kuuita dawa ya kila doa. Chooko asili yake ni Bara Hindi, na zimevuka bahari hii zamani sana. Huko Komoro wanaakiolojia wamefukua mbegu zake zilizoungua, pamoja na mpunga, katika makaazi ya karne ya 8 hadi ya 10. India unga wake hukandwa kwa maji au maziwa ukapakwa mwilini. Uchina hunywa supu yake siku za joto kali kwa imani ile ile ya bibi yako, kwamba inapoza. Kwa hivyo alichokufundisha ni elimu yenye umri mkubwa, iliyopita katika mikono mingi.

Ukiupaka, wanga wake hunyonya mafuta ya juu ya ngozi, na chembe zake husugua kidogo ngozi iliyokufa. Zimo pia saponini chache, kama zilivyomo kwenye kunde nyingi, ambazo husaidia kubeba uchafu bila ya povu kubwa. Lakini faida iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ya kile ambacho unga umekiondoa mahali pake: sabuni. Sabuni ya kipande, na hasa ile ya kufulia ambayo wengi wetu tumekogeshewa utotoni, ina pH (kipimo cha asidi, namba ikipanda asidi imepungua) ya 9 hadi 10, ilhali ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH ya 5 hivi. Kila unapoipaka inaondoka na uchafu, na inaondoka pia na mafuta yanayoifunga ngozi isipoteze maji. Mtu akiacha sabuni kali kwa mwezi mmoja, akaoshea unga laini wa chooko, uso utatulia na atasema chooko zimemtibu. Angeoshea maji matupu pia angeona nafuu fulani.

Utasikia vilevile kwamba ganda la kijani la chooko lina viini vya kuilinda ngozi. Ni kweli vimo, vinaitwa viteksini na isoviteksini, na katika maabara vinaonesha uwezo wa kupunguza madhara yanayoletwa na oksijeni kali kwenye chembe hai. Ila chembe iliyomo kwenye kibakuli cha maabara si shavu la mtu. Kiini kilichofungika ndani ya unga, kikakaa usoni dakika kumi kisha kikaoshwa, sikuandikii kama tiba ya chunusi wala ya madoa.

Ukipona kabisa, ukataka kuurudia unga huo kama kisafishio, sikukatazi. Ziopoe chooko zilizobunguliwa na mawe, zioshe mara kadhaa maana gunia la dukani hupitia vumbi na wakati mwengine dawa ya kuhifadhia nafaka, zianike hadi zikauke kau, kisha zisage nyumbani. Usizipeleke kwenye mashine ya mtaani iliyotoka kusaga pilipili au manjano. Nimempokea dada aliyedhani amedhurika na unga, kumbe uso wake ulikuwa na pilipili kali. Uchekeche kwa kitambaa chepesi hadi uwe laini kama poda, kwa sababu chembe kubwa hukwaruza, na ngozi yetu ikikwaruzwa huweka doa. Kijiko kimoja cha chai kinatosha, ukikande kwa maji au marashi ya mawaridi yasiyotiwa manukato mengine, upitishe kwa ncha za vidole bila ya kusugua, uoshe kabla haujakauka ukaibana ngozi. Mara mbili kwa wiki inatosha. Jaribu kwanza kiasi kidogo upande wa ndani wa kiwiko kwa siku mbili. Na mkando uliobaki mwage. Unga uliolowa ukilala usiku mmoja kwa joto letu hili, asubuhi ni shamba la vijidudu.

Sasa mtoto. Hapa ndipo ninapokuomba uchukue hatua leo leo.

Harara, au vipele vya joto, hutokea pale vijitundu vya jasho vinapoziba, jasho likakosa pa kutokea likamwagika ndani ya ngozi. Dawa yake ni kuondoa joto na kuondoa kinachoziba: nguo nyepesi ya pamba, upepo, kukogeshwa kwa maji ya kawaida, na kuacha kumfunika mtoto kwa kanga mbili na kofia ya sufi mwezi wa joto kwa kuogopa baridi. Unga, uwe wa chooko, wa mchele au poda ya dukani, hauzibui tundu. Kwenye mgongo au kifua hauna neno kubwa ukioshwa vyema. Kwenye mikunjo ya shingo ya mtoto mnene wa miezi mitano mambo hubadilika. Ivute ile mikunjo polepole mchana wa leo, uitazame kwenye mwanga. Naamini utaona ndani kabisa mstari wa unga uliolowa, umechanganyika na jasho na maziwa aliyocheua, umekuwa kama gundi ya kijivu. Hicho ndicho kinachonuka. Ni chakula, na mahali penye chakula, unyevu na joto fangasi hawachelewi.

Wekundu unaong'aa, wenye vipele vidogo vilivyotawanyika pembeni kama visiwa mbele ya bara, aghlabu ni fangasi aina ya kandida. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu nawe waitazame shingo kwa macho yao; ikiwa ni fangasi kweli, atapewa krimu kama ya nistatini au klotrimazoli, na siku chache tu utaona tofauti. Wakati huo acha unga, acha poda, acha na mafuta ya nazi mikunjoni. Mafuta ya nazi mpake mikononi na miguuni akiwa mkavu, hayana ubaya, lakini ndani ya mkunjo yanazuia unyevu usitoke. Mkogeshe kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa kugusisha kitambaa laini bila ya kupangusa, kisha mlaze chali dakika kumi kidevu kikiwa juu, shingo ipate hewa. Watoto wengi hupenda dakika hizo.

Liko na jambo jengine linalonifanya niwe mgumu kuhusu kupaka vyakula kwenye ngozi ya mtoto iliyochubuka. Ngozi nzima ni ukuta, ngozi iliyochubuka au yenye ukurutu ni ukuta uliotoboka. Protini ya chakula ikipita kwenye tundu hilo badala ya kupita mdomoni, mwili unaweza kuichukulia kama adui na kuwekeana nayo uhasama wa kudumu. Japani, miaka kumi na kitu iliyopita, sabuni moja ya uso iliyotiwa protini ya ngano iliyovunjwavunjwa iliwafanya zaidi ya watu 2,000 wapate mzio wa ngano. Wengine walikuja kuvimba na kuishiwa pumzi kwa kula mkate ambao walikuwa wakiula maisha yao yote. Ile ilikuwa protini iliyotengenezwa kiwandani, si chooko, na sisemi mwanao atapata hivyo. Nasema ngozi iliyoumia si mahali pa kutia chakula.

Kuhusu kijiko alichotiliwa mtoto: hakijamdhuru, usilie, wala usimgombeze bibi. Lakini kiwe cha mwisho kwa sasa. Mpaka atimize miezi sita anahitaji maziwa yako tu, hata maji asipewe. Tumbo lake dogo likijaa maji ya chooko, linapunguza nafasi ya maziwa, na kikombe, kijiko na maji yenyewe vyote ni njia ya kumletea kuharisha. Akitimiza miezi sita, chooko ni miongoni mwa vyakula vya mwanzo nitakavyokushauri: zichemshe hadi zipasuke, ziponde, zipitishe kwenye chujio kuondoa maganda, utie tui jepesi kidogo, bila ya chumvi.

Na ukifika hapo, utaambiwa pia umnunulie dawa ya maji ya kuongeza damu. Usimpe bila ya kupimwa. Utafiti mkubwa uliofanywa hapa hapa Pemba, matokeo yake yakatolewa mwaka 2006, uliwapa watoto wadogo madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku, na ukalazimika kusimamisha vidonge hivyo kwa sababu watoto waliopewa walilazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopewa, katika kisiwa ambacho wakati huo malaria ilikuwa nyingi. Chuma cha chakula kinachotoka kwenye chungu hakina hatari hiyo. Cha chupa kiende na kipimo cha damu.

Maji ya chooko unayonyweshwa wewe hayana madhara. Kwamba yanaleta maziwa, hiyo ni nusu ya kweli. Kinacholeta maziwa ni mtoto kunyonya: kila titi linapomwagwa, mwili hupata amri ya kutengeneza mengine. Mama anayenyonyesha mara nane au zaidi kwa siku, usiku ikiwemo, akala akashiba na kunywa kila anapohisi kiu, atapata maziwa ya mtoto wake. Maji ya chooko ni kinywaji, basi yanasaidia kama kinywaji. Na kupoza mwili? Mtu aliyekaa juani kuanika karafuu akinywa kitu chepesi chenye maji mengi, hupata ahueni, na mimi pia huona hivyo. Tafadhali tu, usikubali kunywa maji ukaachiwa chooko zenyewe, kwa sababu mali imo kwenye punje.

Kikombe kimoja cha chooko zilizopikwa, gramu 200 hivi, kina protini gramu 14, nyuzinyuzi gramu 15, na foliki inayozidi nusu ya mahitaji yako ya siku ukiwa unanyonyesha. Chuma kimo kiasi cha miligramu 3. Chuma cha mimea kina uzito wa kuingia mwilini, na hapa ndipo ile ndimu iliyokuunguza inapopata kazi yake ya halali: ikamulie kwenye sahani. Vitamini C iliyomo huifungulia chuma njia. Chai, kinyume chake, huifunga, kwa hivyo kile kikombe cha chai ya rangi unachoteremshia chakula kisogeze mbele saa moja au mbili. Zirowekwe usiku, maji ya kurowekea yamwagwe, na gesi itapungua. Ukila mseto wa chooko kwa tui, kachumbari yenye ndimu pembeni, na kipande cha samaki, umekula chakula ambacho mtaalamu yeyote wa lishe angekuandikia. Zikiwa zimechipua, zipike pia. Mimea michanga inayooteshwa kwenye unyevu huotesha na vijidudu pamoja nayo: mwaka 2011 huko Ujerumani machipukizi ya uwatu yaliyoliwa mabichi yaliwafanya maelfu waugue, na zaidi ya 50 wakafariki.

Kama kuna mtu wa nyumba yenu aliyeambiwa ana upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kile kinacholinda chembe nyekundu za damu, na visiwani kwetu wapo wengi, asikatazwe chooko. Kunde inayowavunjia watu hawa damu ni ful, yale maharage makubwa ya Kiarabu. Chooko hazimo.

Turudi usoni. Madoa yako hayahitaji kusuguliwa wala kuchubuliwa. Osha kwa maji na kisafishio laini, paka mafuta mazito yasiyo na manukato kama vile vaselini mahali palipokauka, na ujikinge na jua kama unavyomkinga mtoto. Jua la saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri ndilo kali zaidi. Omba wenzako wakupe kazi ya kuchambua kivulini, na ukilazimika kutoka vaa kofia pana ya ukili juu ya ushungi. Losheni ya kuzuia jua yenye SPF (kiwango cha kinga) 30 au zaidi ukiimudu, ipake kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Chunusi tutazishughulikia ngozi ikishafunga: krimu ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 inafaa kwa anayenyonyesha, ila ipakwe kidogo, usiku, shavu la mtoto lisiguse, na ujue inafuta rangi ya kanga na foronya.

Kuna mtu atakuja, pengine kwa nia njema, na kikopo kisicho na jina au mkorogo uliochanganywa kwenye bakuli, akwambie siku saba madoa yamekwisha. Nakusihi, kataa. Ndani ya vingi kati ya hivyo mna zebaki, haidrokwinoni au dawa kali za steroidi. Zebaki inaingia mwilini kupitia ngozi, inadhuru figo, inapita kwenye maziwa, na mtoto anayelaza shavu lake juu ya lako anaichukua moja kwa moja. Madoa yako yatafifia yenyewe. Ngozi iliyoharibiwa na mkorogo, nimeitibu kwa miaka, na wengine hawakurudi walivyokuwa.

Yako mambo ambayo hayafai kusubiri jibu la maandishi. Kwa mtoto: homa, kukataa kunyonya, kulegea, usaha au magamba ya manjano kwenye shingo, malengelenge, au wekundu unaotambaa kwenda kifuani. Hapo usingoje asubuhi, mpeleke hospitali. Kwako wewe: uvimbe wa macho au midomo, jipu, madoa mapya yanayotoka ilhali ndimu umeshaiacha, au doa lisilohisi ukiligusa. Hilo la mwisho halifanani na habari yako, lakini nalitaja kwa kila anayeniandikia kuhusu madoa, kwa sababu ukoma ungalipo na unatibika bure ukiwahiwa.

Na Bibi? Usimwendee na maneno ya daktari kumshinda. Mwambie chooko zake ziko salama, kilichokuunguza ni ndimu uliyoongeza mwenyewe, maana kwa maelezo yako yeye alisema unga tu. Kisha mwombe ajifunze pamoja nawe kuikausha shingo ya mjukuu wake.

Ama harusi ya mdogo wako: baada ya miezi miwili natarajia madoa yatakuwa yamepungua sana, michirizi ya shingoni ikitangulia. Kwamba yote yatakuwa yamefutika, siwezi kukuahidi. Mengine huchukua miezi sita. Ukitaka kuyafunika kwa vipodozi siku hiyo, hakuna ubaya ngozi ikiwa imefunga. Singo ya biharusi, ule mkando wa kusingia mwili, wakikupaka na wewe, uliza kwanza kama imetiwa ndimu au maganda yake, na iwe usiku. Hina ya majani uliyoizoea jipake mikono. Piko, ile rangi nyeusi ya kujichorea, usiiguse, ngozi yako haijatulia na dawa yake ni kali mno. Mtoto asitiwe hina hata kidole kimoja, kwa sababu kama ana upungufu ule wa G6PD na hajapimwa, hina inaweza kumvunjia damu.